Mbwa Mdogo wa Nyumbani Naye Ana Mahitaji Yake

(Maneno haya yalisemwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya usaidizi wa afya ya mifugo, alipoalikwa kwenye kikao cha pamoja cha vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kuku. Katibu aliponiambia mambo ya leo nilimwuliza mara mbili, "Mbwa? Tena mbwa mdogo?" Akasema ndiyo, kwa sababu siku hizi wako karibu kila boma na watu hawajui wanatunzwaje. Nikamwambia sawa, nitakuja. Mimi mwenyewe nina habari ya mbwa mdogo ambayo sijaisimulia mbele ya watu. Leo nitaisimulia, ingawa inaniaibisha.

Ni mbwa wa namna gani

Mnamjua. Ni mweupe, au ana rangi ya chai ya maziwa. Manyoya marefu, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Watu wa Nairobi humwita "Japanizi". Jina hilo limetoka kwa mbwa wa aina ya Japanese Spitz, ambao walizalishwa kule Japani miaka ya 1920 na 1930 kwa kuchanganya mbwa weupe waliotoka nchi mbalimbali. Lakini huyu wetu si Japanese Spitz kamili. Labda mama yake alikuwa, au nyanya yake. Baba yake ni mbwa wa jirani aliyepita kwenye ua. Huyu ni chotara.

Kuwa chotara si kasoro. Wengine husema ati chotara hashikwi na magonjwa. Hiyo si kweli. Kuchanganya damu kunaweza kumpunguzia yale magonjwa ya kurithi ya ukoo mmoja, lakini kupe hamwulizi mbwa ukoo wake, wala minyoo, wala kichaa. Jambo lingine ni kwamba huwezi kujua kwa hakika mtoto wa chotara atakuwaje akikua. Unaletewa kijibwa kinachoingia ndani ya kikapu, baada ya mwaka mmoja una mbwa wa kilo 12 anayeruka meza. Tena jike akipandwa na madume wawili au watatu katika joto lile lile, anaweza kuzaa watoto wa baba mbalimbali kwa uzao mmoja. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Hawa ni ndugu, wote watakuwa wadogo," mwulize amemwona baba yupi.

Wanafikaje huku kwetu? Wengi wanatoka mjini. Kijana amehama nyumba, mwenye nyumba mpya hataki mbwa, basi mbwa anapakiwa kwenye matatu kwenda kwa nyanya. Hakuna anayemwuliza nyanya. Na mbwa aliyezoea kulala juu ya kiti anajikuta chini ya ghala la mahindi, usiku kuna umande, na mbwa wakubwa wa boma wanamtazama kama sungura.

Mzee mmoja aliwahi kuniuliza, "Huyu ni wa kazi gani? Hata paka hamwogopi." Nikamwambia akae na mama mjane ambaye watoto wote wako mjini, kisha aulize tena. Kazi ya mbwa huyu ni mbili. Ya kwanza ni masikio. Anasikia hatua kwenye njia kabla ya mbwa mkubwa hajainua kichwa, na hatanyamaza mpaka utoke uone. Mbwa mkubwa akisikia mdogo anabweka, naye huamka. Ya pili ni kumkalia mtu karibu. Huchagua mtu mmoja, na mtu huyo akienda mtoni, anakwenda mtoni. Sioni aibu kusema kwamba hiyo nayo ni kazi.

Lakini tabia hiyo hiyo ina upande wake mgumu. Mbwa aliyezoea mtu, ukimfungia peke yake kutwa nzima, atalia, atatafuna viatu, atachimba chini ya mlango. Mkimfunga kamba mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi, atakuwa mkali, na ukali wake ataumalizia kwa mtoto anayepita. Na kubweka sana huwa tumemfundisha sisi wenyewe. Akibweka unamtupia kipande cha ugali ili anyamaze, kumbe unamlipa mshahara.

Ataishi miaka 12, hata 15 akitunzwa. Mtoto anayeingia gredi ya kwanza leo atakuwa amemaliza sekondari na mbwa bado yupo. Kabla hujamchukua, fikiria hilo kwanza.

Chakula

Hapa nitasema wazi: ugali mtupu na maji si chakula cha mbwa. Anaweza kuishi nao, ndiyo, kama mtu anavyoweza kuishi na uji mtupu, lakini manyoya yatakufa rangi, mbavu zitaonekana, na jike akizaa hatakuwa na maziwa. Mchanganyie omena, au matumbo yaliyochemshwa, au maharagwe yaliyoiva vizuri, au yai mara moja moja. Tumbo lake ni dogo, basi mpe mara mbili kwa siku, kidogo kidogo. Mtoto wa miezi miwili au mitatu apewe mara tatu au nne. Maji safi yawepo wakati wote, kwenye sufuria nzito isiyopinduka.

Kuna wale wanaokosea upande wa pili. Nyanya anampenda, anampa chapati, anampa mandazi, anampa chai yenye sukari. Mbwa wa kilo 6 akiongezeka kilo 2, hiyo ni theluthi nzima ya uzito wake. Magoti ya mbwa hawa wadogo ni dhaifu, mfupa wa goti huweza kuteguka ukaenda kando. Mkimwona anakimbia akiinua mguu mmoja wa nyuma hatua mbili tatu kisha anaushusha tena, ni hilo. Unene unamzidishia.

Vitu vya kumnyima kabisa ni vitunguu, kitunguu saumu, chokoleti, zabibu, na mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika kama misumari. Na tafadhali, dawa za binadamu za kutuliza maumivu msimpe. Kidonge kinachokutoa wewe maumivu ya kichwa kinaweza kumwua mbwa wa kilo 5.

Sasa habari ya matumbo. Nilisema yachemshwe, na nina sababu. Mkichinja mbuzi au kondoo nyumbani, mkaona kwenye ini au mapafu vifuko vyenye maji, msimtupie mbwa. Ndani ya vifuko hivyo kuna vijidudu ambavyo vikiingia tumboni mwa mbwa vinakuwa minyoo midogo sana. Mbwa mwenyewe haumwi. Lakini mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa, anatia mkono mdomoni, na baada ya miaka mingi mtoto huyo, sasa mtu mzima, anakutwa na uvimbe mkubwa ndani ya ini. Kule Turkana ugonjwa huu umesumbua watu kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na tangu miaka ya 1980 shirika la AMREF limefanya kazi huko ya kuwapasua wagonjwa na kuwapa mbwa dawa. Vifuko hivyo vichomwe moto, au vizikwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Minyoo, kupe na funza

Watoto wa mbwa karibu wote huzaliwa na minyoo, au huipata kwenye maziwa ya mama. Wapewe dawa wakiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka wafike miezi mitatu hivi, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Baada ya hapo, kila miezi mitatu. Mama yao apewe pamoja nao.

Kipimo ndicho kinachowashinda watu. Vidonge vingi vya minyoo hupimwa kimoja kwa mbwa wa kilo 10. Wako ana kilo 5, basi ni nusu. Mbona unampa kizima? Utasema huna mizani. Iko kwa mwenye kununua mahindi! Mtie kwenye kikapu, mtundike, usome. Au simama wewe kwenye mizani ya zahanati ukiwa umembeba, kisha simama bila yeye, utoe hesabu.

Kwa habari ya kupe, sitachoka kusema: dawa ya kuogesha ng'ombe si ya mbwa mdogo. Nimeitwa mara nyingi. Mtu amebakiwa na dawa kwenye pampu baada ya kunyunyizia ng'ombe, anaona ni hasara kuimwaga, anamnyunyizia mbwa. Mbwa anaanza kuyumba kama mlevi, anatoa mate, analala asiamke. Nenda duka la dawa za mifugo, sema ni mbwa, sema ni kilo ngapi, sema ana umri gani. Na kila jioni pitisha vidole kwenye masikio, shingoni, katikati ya vidole vyake. Kupe wachache waondoe kwa kuwashika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Wale kupe wekundu wa mbwa wanaishi pia kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo ukimwogesha mbwa usisahau mahali anapolala. Ukiona mbwa ana homa, hali chakula, ufizi umekuwa mweupe kama karatasi, au anatoka damu puani, hiyo ni homa ya kupe. Usingoje siku ya soko.

Funza nao. Tunawatoa watoto funza miguuni, tunawaogesha kwa dawa, tunamwaga maji sakafuni kupunguza vumbi, na mbwa amelala pale pale, nyayo zake zimejaa funza, na anawazaa upya nyumba nzima. Mtazameni chini ya nyayo.

Manyoya ni kuchana tu, mara mbili kwa wiki, hata kwa chanuo kuukuu. Watu wanamnyoa ati apate baridi. Msimnyoe mpaka ngozini. Manyoya yale ni ya tabaka mbili na yanamkinga na jua pia. Mpe kivuli na maji, yatosha. Kucha zikikunjana, zikatwe ncha tu. Meno: mbwa wadogo mdomo wao ni mfinyu, meno yamebanana, uchafu unakaa. Kati ya miezi minne na sita meno ya utoto hutoka, lakini kwa hawa wakati mwingine yanabaki pamoja na mapya. Mfunue mdomo uangalie. Kitambaa chenye maji kilichozungushwa kidoleni kinatosha kusugua.

Kuzaa

Najua kuna kikundi hapa kinachofikiria kufuga jike ili wauze watoto mjini. Sitawakataza, ila nitawaambia ninayoyajua.

Jike huingia joto mara ya kwanza akiwa na miezi sita hadi kumi hivi, kisha kama mara mbili kwa mwaka. Mimba ni siku 63, zaidi au pungufu kidogo. Asipandwe kwenye joto la kwanza, bado anakua. Na asipandwe na dume mkubwa. Hili ndilo linaloua jike wadogo wetu. Mtoto anakuwa mkubwa kuliko njia. Mama akisukuma kwa nguvu nusu saa hadi saa nzima na hakuna kilichotoka, mwite daktari wa mifugo, maana huenda akahitaji kupasuliwa. Hesabuni gharama hiyo kabla ya kuhesabu faida.

Watoto wasitolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Wanunuzi wanawataka wakiwa na wiki nne kwa sababu ni wadogo na wanapendeza. Mtoto wa wiki nne hajajifunza kwa ndugu zake kwamba kuuma kunaumiza, na wengi hufa kwa kuharisha. Kuna ugonjwa wa kuharisha damu, wa parvo, ambao unamaliza uzao mzima kwa siku tatu. Chanjo yake huanza wiki ya sita hadi ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita. Anayeuza bila chanjo anauza maiti.

Kwa wasiotaka watoto, mbwa ahasiwe au afungwe uzazi. Mnaogopa gharama, lakini mimi nimeona watoto wa mbwa waliotupwa sokoni ndani ya gunia.

Habari yangu

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Mwaka 2018 binti yangu alihama nyumba Nairobi akaniletea mbwa wake. Mdogo, mweupe, kilo 6. Watoto wakamwita Simba, tukacheka sana. Mimi nilikuwa bado kazini. Mbwa wote wa kijiji mlikuwa mkiwaleta kwangu siku ya chanjo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika vyeti. Simba sikumleta. Nilijiambia huyu ni wa ndani, hatoki, ataupata wapi ugonjwa? Na nilijiambia nitamchanja wiki ijayo. Mwaka ukaisha hivyo.

Januari mwaka uliofuata, alfajiri, mbwa mgeni aliingia kupitia ua wa nyuma. Hakubweka. Aliwauma mbwa wawili, mmoja akiwa Simba, akaenda zake. Vijana wakamwua kule bondeni wakamtupa, na hakuna aliyechukua kichwa kupeleka maabara. Nilimwosha Simba kidonda kwa maji ya chumvi, nikapaka dawa, kikapona. Mimi, mtu wa mifugo, ambaye nilipaswa siku ile ile kumwita daktari wa mifugo na kumtenga mbwa, nilipaka dawa tu.

Mwezi wa tatu alianza kukaa chini ya kitanda. Nikasema ana baridi. Sauti yake ya kubweka ikabadilika, ikawa kama ya jogoo mchanga. Siku ya pili taya likalegea, mate yanatiririka, hawezi kumeza. Nikasema amekwamwa na mfupa. Ndugu zangu, niliingiza mkono wangu huu mdomoni mwake kuutafuta mfupa.

Hapakuwa na mfupa.

Mnaona, sisi tunangoja kuona mbwa mwenye kichaa akikimbia njiani na kuuma kila kitu. Yuko wa namna hiyo. Lakini kuna kichaa cha kimya. Mbwa anajificha, taya linaanguka, miguu ya nyuma inalegea, anakufa kimya. Na kwa mbwa mdogo anayelala ndani tunamhurumia, tunamfunika blanketi, tunamfungua mdomo.

Jioni ile mke wangu alikuwa akimwogesha mjukuu wetu wa miaka saba. Akaona alama mbili kwenye kifundo cha mkono, zimekauka. Akamwuliza. Mtoto akanyamaza. Akamwuliza tena, ndipo akalia. Simba alikuwa amemwuma siku nne kabla, walipokuwa wakicheza, na hakusema kwa sababu alijua tutampiga yeye, na mbwa tutamwua.

Usiku huo sikulala. Tulimwosha yule mtoto kidonda kwa sabuni na maji, ingawa siku zilikuwa zimepita, na mimi nikaosha mikono. Kulipokucha tukaenda. Mahali pa kwanza hawakuwa na chanjo. Mahali pa pili wakatuambia turudi Jumatatu, na siku ile ilikuwa Ijumaa. Sikukubali. Tulipanda gari mpaka mahali pa tatu, tukafika saa kumi jioni, wakatuchoma sote wawili. Mtoto akachomwa pia ile dawa nyingine ya kinga inayowekwa kwenye kidonda chenyewe. Simba alikufa usiku ule. Safari hii kichwa kilipelekwa maabara, na jibu likaja kwamba ni kichaa.

Mjukuu yuko hai. Ni yule pale, amevaa shati la bluu, sasa ananiona haya. Tulimaliza sindano zote, hatukuruka hata moja. Lakini kila siku kwa miezi kadhaa, akisema kichwa kinamwuma, moyo wangu ulisimama. Maana dalili kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kuonekana, wakati mwingine zaidi, na zikishaonekana karibu hakuna anayepona.

Kichaa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa. Chanjo ya mtu aliyeumwa ilitolewa na Louis Pasteur kule Ufaransa mwaka 1885. Kwa hiyo dawa ni ya zamani kuliko ugonjwa huu kutambuliwa kwetu, na bado inakadiriwa kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao wako Afrika na Asia. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Serikali yetu ilizindua mpango mwaka 2014 wa kumaliza ugonjwa huu kufikia 2030, ikaanza na kaunti chache, Makueni na Siaya zikiwemo. Mpango huo unataka mbwa saba katika kila kumi wachanjwe, kila mwaka. Mbwa saba hao ni pamoja na yule mweupe wa ndani.

Basi mtu akiumwa, au akilambwa mahali penye mchubuko, mwosheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Muwe na saa. Sabuni ya kipande inafaa. Msipake mafuta, wala majani, wala oili ya gari. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, na kama hakuna dawa nendeni nyingine. Mbwa asiuawe ovyo. Kama anaweza kufungiwa salama, afungiwe siku kumi aangaliwe. Akiwa mzima baada ya siku kumi, hakuwa na ugonjwa mateni siku alipouma. Na mtoto akisema ameumwa, msimpige. Nawaomba sana hilo.

Maswali

Mama mmoja ameniandikia hapa, "Kikundi chetu kinaweza kufanya nini, na daktari yuko mbali?"

Mama, chanjo ya kichaa kwa kawaida huja kwenye chupa ya mbwa kumi. Ikishafunguliwa hutumiwa siku hiyo, na lazima ikae kwenye baridi mpaka wakati huo. Ndiyo maana daktari hataki kuja kwa mbwa mmoja. Mkiwa na daftari la kikundi lenye majina ya wenye mbwa, mkahesabu kumi, au ishirini, mkachanga nauli kama mnavyochanga ya matanga, atakuja. Kaunti nyingine huchanja bure siku za kampeni, na ile Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, basi ulizeni ofisi ya mifugo mapema. Dawa ya minyoo pia nunueni pamoja mgawane kwa uzito.

Kijana anauliza kama mbwa mwenye miezi miwili anaweza kuchanjwa kichaa. Utaratibu wa kawaida ni miezi mitatu, halafu kila mwaka. Lakini siku ya kampeni mleteni hata mdogo, achanjwe, kisha arudiwe baadaye. Msimwache nyumbani.

Na huyu anauliza kama nimepata mbwa mwingine. Nimepata. Ni jike, chotara vile vile, kilo 7, cheti chake kimebandikwa ukutani karibu na kalenda.

Daktari atakuwa hapa uwanjani Alhamisi ijayo kuanzia saa tatu asubuhi. Kila mbwa aje na kamba shingoni, hata wale wadogo mnaowabeba, na aletwe na mtu mzima, si mtoto. Wakali wafungwe mdomo kwa kitambaa kabla ya kufika. Katibu ana daftari, mpitie kwake kabla hamjatoka. Mpaka sasa nimeona majina 23.